Maziwa hayakutoka, nimnunulie mwanangu kopo lipi?

Shikamoo Bi Mkunga,

Nina miaka 24, naishi Tanga mjini na mume wangu, dereva wa bajaji. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, yuko wiki ya tano sasa. Nasema nilijifungua salama kwa kuwa sote wawili tuko hai, lakini baada ya kondo la nyuma kutoka nilivuja damu mpaka nikazimia. Niliongezewa chupa tatu za damu, nikarudi nyumbani siku ya sita.

Tatizo langu ni maziwa, hayakutoka. Siku ya kwanza niliambiwa nimwache mtoto anyonye tu, yatakuja. Siku ya tatu nikaambiwa hivyo hivyo. Matiti hayakujaa hata mara moja wala hayakuuma, yako vilevile kama kabla sijabeba mimba. Nimekunywa uji wa pilipili manga, supu ya kongoro na mtori, nimekandwa maji ya moto mpaka mgongo ukababuka. Nikikamua napata matone mawili, basi. Siku ya nane mtoto alilia usiku kucha, mume wangu akaenda duka la dawa akarudi na kopo.

Hapo ndipo nilipopotea. Tulianza na kopo la shilingi 28,000. Jirani akaniambia hilo halina kitu, linalomjenga mtoto akili ni lile la 45,000. Mwenye duka anasema kama hashibi nimpe namba 2, ni nzito, atalala. Mama mkwe amekuja kutoka Muheza na dumu la maziwa ya ng'ombe, anasema watoto wake saba wamekulia hayo hayo, yachanganywe maji na sukari kidogo. Dada yangu ana mtoto wa miezi minne na amejitolea kumnyonyesha wangu, ila mume wangu hataki hata kulisikia hilo.

Fedha nayo ni ya kuungaunga. Kopo la gramu 400 nalibana likae siku kumi. Limeandikwa vijiko vitatu kwa maji ya mililita 90, mimi naweka viwili, maana nasikia mazito yanafunga choo. Usiku, ikifika saa tatu, nachanganya ya kutosha mpaka asubuhi naweka kwenye chupa ya chai, ili nisiamke kuwasha jiko.

Kliniki ya siku ya 28 alikuwa na kilo 3.1. Alizaliwa na 2.9. Nesi aliiona chupa kwenye mkoba akanisema mbele ya watu, eti wasichana wa siku hizi tunaogopa matiti kulala. Sikumjibu. Nyumbani wifi anasema mtoto amebemendwa, ndiyo maana haongezeki. Wallahi si kweli, mume wangu analala sebuleni tangu nitoke hospitali. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kuchoka, nasikia baridi hata kwa joto hili la Tanga, na nikibaki peke yangu nalia.

Niambie tu kopo lipi ni zuri kuliko yote. Hata kama ni ghali tutajinyima.

Mama Nasra, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Hongera, na pole kwa yaliyokupata.

Umeniuliza kopo na nitakujibu kopo. Lakini barua yako ina mambo umeyapitisha kasi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na hayo ndiyo yaliyonifanya niiache chai yangu ipoe. Naanza nayo.

Vile vijiko viwili badala ya vitatu. Nasra hajabemendwa, Nasra ana njaa. Mtoto anayepewa theluthi mbili ya chakula chake atakonda hata kama baba yake analala Pemba. Mtoto mchanga mwenye afya, akishafika wiki mbili na kurudia uzito wa kuzaliwa, huongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Wako kwa wiki nne ameongeza gramu 200 tu. Tena maji yanayozidi si maji matupu tu tumboni. Yanazimua chumvi ya mwilini, na mtoto mdogo chumvi ikishuka sana hupata degedege. Sikutishi, ila hili si jambo la kusubiri kliniki ijayo. Kesho asubuhi mchukue umpeleke apimwe uzito na aonwe na daktari, na umweleze daktari waziwazi kuhusu vijiko. Usione haya. Akipewa taarifa nusu atatafuta ugonjwa ambao haupo.

Kuanzia mlo wake ujao weka vipimo kamili kama kopo linavyosema. Choo cha mtoto wa kopo huwa kigumu kidogo kuliko cha anayenyonya, na hilo ni la kawaida. Kikiwa vigololi kama vya mbuzi, mwambie daktari, usiongeze maji.

Sasa hesabu, kwa sababu nadhani hakuna aliyekufanyia. Mtoto wa umri huu huhitaji kama mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Nasra ana kilo 3.1, kwa hiyo ni kama mililita 465, yaani milo minane ya karibu mililita 60. Wengine hutaka kidogo zaidi, wengine pungufu. Mwangalie yeye na uzihesabu nepi, sita au zaidi zilizolowa kwa siku. Kwa kipimo hicho kopo la gramu 400 linakaa siku sita au saba. Ulipolifikisha siku kumi, hizo siku tatu za ziada zilitoka mwilini mwake.

Jambo la pili ni chupa ya chai. Naelewa kabisa, nimeshawahi kuwa na mtoto mchanga na jiko la mkaa. Lakini unga wa kopo haujauliwa vijidudu vyote kiwandani, watu wengi hawalijui hili. Kuna kimoja kinaitwa Cronobacter, ni nadra, ila kikimpata mtoto mchanga huweza kuingia kwenye damu na ubongo. Maziwa yaliyochanganywa na kukaa vuguvugu usiku kucha ni kitanda cha manyoya kwa vijidudu vya namna hiyo. Kwenye chupa ya chai weka maji yaliyochemka, matupu. Unga upime kabla ya kulala, uweke kwenye vikopo vidogo vikavu vyenye mfuniko, kila kimoja mlo mmoja. Saa nane mtoto akiamka unamimina maji, unatia unga, unakoroga, unatumbukiza chombo kwenye bakuli la maji baridi mpaka yapoe, unadondoshea tone kwa ndani ya kifundo cha mkono. Hakuna kuwasha jiko.

Hayo maji yasiwe yamepoa sana kabla ya kukutana na unga. Shirika la Afya Duniani linataka yasipungue nyuzi 70, kwa sababu joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya kwenye unga. Kipimajoto huna, nami sina. Mchana chemsha lita moja, epua, funika, uyatumie kabla nusu saa haijapita. Usiku chupa ya chai nzuri, iliyojazwa kabisa na maji yanayotokota, itakufikisha. Ikiwa yako ni ile ambayo chai inapoa kabla ya taarifa ya habari, nunua nyingine kabla hujanunua kitu kingine chochote. Maji yatangulie, unga ufuate. Kijiko ni kile kilichomo kwenye kopo hilo hilo, usikichanganye na cha kopo jingine, vinatofautiana. Kijazwe, kisawazishwe kwa mgongo wa kisu kisafi, kisishindiliwe. Yakibaki baada ya saa mbili tangu uyachanganye, mwaga. Najua inauma.

Na hiyo chupa yenyewe? Mimi ningeiacha. Chuchu na kona za chupa ni ngumu kusafisha, na mwenye kuchoka kama wewe ataruka siku moja. Chukua kikombe kidogo kisicho na mkono, kama vile vya kahawa ya barazani. Kioshe kwa sabuni, kichemshe. Mkalishe mtoto wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike kwenye midomo, basi. Usimmiminie. Ataramba mwenyewe kama paka, na utashangaa. Siku mbili za mwanzo yatamwagika, mfunge leso. Ukiona bado unataka chupa, ichemshe pamoja na chuchu zake kila baada ya mlo, na usimwekee mdomoni ukaiegemeza kwenye mto ukaenda jikoni. Mtoto hupaliwa.

Haya, kopo. Nunua la 28,000 uliloanza nalo.

Maziwa yote ya watoto wachanga yanayouzwa kihalali, la bei ya chini na la bei ya juu, yanatakiwa kufikia kiwango kimoja cha kimataifa kinachoitwa Codex, kinachotaja nguvu, protini, mafuta, madini ya chuma na vitamini. Pale dukani angalia limeandikwa namba 1, la tangu kuzaliwa hadi miezi sita. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya TBS (tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo linalosimamia usalama wa vyakula nchini), na kwamba kopo halijabonyea wala kupata kutu wala kufunguliwa. Maziwa ya kupimwa kwenye mfuko usinunue hata ukipewa nusu bei. Bei ya juu mara nyingi inalipia vikorombwezo na jina. Akili ya Nasra itajengwa na kijiko cha tatu ulichokuwa unakibana, na ukinunua la 45,000 utakibana zaidi. Kwa miezi sita mtoto anayetegemea kopo peke yake hula kama kilo 20 za unga, ambazo ni makopo 50 ya gramu 400. La 28,000 ni milioni moja na laki nne. La 45,000 ni milioni mbili na robo. Tofauti hiyo ni laki nane na nusu.

Ukilikosa dukani, chukua namba 1 ya kampuni nyingine, hatadhurika kwa kubadilisha, ila soma vipimo upya. Ya soya, yasiyo na laktosi, ya watoto wanaocheua sana, hayo ni kwa maagizo ya daktari. Namba 2 ni ya kuanzia miezi sita, na figo za wiki tano haziko tayari kwa protini na madini yake. Mwenye duka ana duka la kuendesha. Maziwa ya unga ya chai, hata kama kopo lake limekaa rafu moja na mengine, si ya mtoto huyu.

Maziwa ya ng'ombe pia bado. Protini yake ni kama mara tatu ya maziwa ya mama, chumvi nyingi, chuma hakuna cha maana, na huweza kuchubua utumbo wa mtoto akawa anavuja damu kidogo kidogo bila mtu kuona. Ukiyazimua kwa maji unapunguza protini, lakini na nguvu pia inapungua. Mama mkwe usimbishie kwa haya niliyoandika. Enzi zake kopo lilikuwa la watu wa mjini, alilea kwa alichokuwa nacho. Mwombe akusindikize kesho aone mizani mwenyewe na amsikie daktari. Mwanamke aliyelea saba anajua kusoma uzito wa mtoto. Mkirudi, mkabidhi kisu cha kusawazishia vijiko. Nimeliona hili zaidi ya mara moja: mama mkwe akipewa kazi inayohesabika, anakuwa mlinzi wako mbele ya mawifi.

Dada yako ana moyo mzuri. Akitaka kweli kunyonyesha, kwanza apime VVU, na awe karibu, maana mtoto hula mara nane kwa siku. Kuhusu mume wako, nahisi anawaza jambo ambalo hajalisema. Kwa madhehebu ya Shafii tuliyo nayo pwani, mtoto akinyonya mara tano tofauti kabla ya miaka miwili, watoto wa dada yako wanakuwa ndugu zake wa kunyonya, na ndoa kati yao haipo tena. Si kikwazo cha afya, ni jambo la familia kukaa na shehe wenu.

Sasa jambo la tatu ulilolipitisha kasi, na hili linakuhusu wewe. Umevuja damu mpaka ukazimia. Matiti hayakujaa hata siku moja. Umechoka, unasikia baridi Tanga. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kama punje ya njegere, ndiyo inayotoa homoni ya kutengeneza maziwa. Wakati wa ujauzito tezi hiyo hukua, na damu ya mama ikipungua ghafla sehemu yake huweza kufa. Daktari mmoja Mwingereza, Sheehan, alilieleza hilo mwaka 1937, na tatizo limebaki na jina lake. Mwenye nalo maziwa hayaji hata anywe sufuria nzima ya mtori, na huweza kukosa homoni nyingine za kumpa nguvu na joto. Sisemi unalo. Inaweza kuwa upungufu wa damu tu, au kipande cha kondo kilichobaki. Lakini yote matatu yanapimika na yana tiba, na hilo la tezi likiachwa linaweza kukuangusha vibaya siku ukiugua malaria au homa kali.

Kwa hiyo kesho mnaonwa wagonjwa wawili. Ukifika hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, usiseme "maziwa ni machache". Sema hivi: "Nilivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, nikaongezewa chupa tatu, maziwa hayakutoka kabisa, nachoka na kusikia baridi. Naomba nipimwe wingi wa damu na homoni." Na mwambie kwamba unalia. Kilio cha zaidi ya wiki mbili baada ya uzazi ni ugonjwa unaotibika, na kinaweza kuwa kinatoka kwenye shina hilo hilo. Mpaka upate majibu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mwache anyonye hayo matone kabla ya kikombe.

Kuhusu nesi, niseme kama mtu niliyevaa sare hiyo miaka 31: alikosea, na nimeona aibu kwa niaba yake. Tanzania ina kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo tangu 1994, zilizofuata makubaliano ya dunia ya 1981, kwa sababu kampuni ziliwahi kugawa makopo wodini na kuwarubuni wanawake wenye maziwa yao. Ndiyo maana nesi hatakutajia jina la kopo, na asikutajie. Lakini makubaliano hayo hayo yanasema mama asiye na njia nyingine afundishwe na mhudumu wa afya namna ya kuyaandaa. Mwombe nesi wa zamu, kwa sauti ya kawaida: "Nionyeshe kuandaa maziwa, na unitazame nikifanya." Akikataa, muulize mganga mfawidhi.

Mume wako asiishie kulala sebuleni. Amchukue mtoto mlo wa alfajiri kabla hajatoka na bajaji, wewe ulale. Na kila siku, kabla ya hesabu ya mafuta, atoe shilingi 4,000 aziweke pembeni. Kwa sasa hilo ndilo kopo. Mwezi wa tatu itakaribia 8,000, ajue mapema. Daima kuwe na kopo moja halijafunguliwa kabatini. Siku likiisha na mfukoni hakuna kitu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au kliniki, lakini usipunguze kijiko.

Usiku mtoto akikataa kula, akipata homa, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, utosi ukibonyea, akitapika kijani au kushikwa na degedege, ni hospitali muda huo huo na bajaji mnayo. Kwa maswali madogo kuna simu ya bure ya Wizara ya Afya, 199.

Na lile dumu la Muheza msilimwage. Lichemsheni, unywe wewe, mwili wako unahitaji. Ila ukipewa vidonge vya kuongeza damu, acha saa mbili zipite kati ya kidonge na maziwa, la sivyo kidonge hakitafanya kazi yake vizuri.